Mgonjwa Anapita

Kupisha gari la dharura ni kuliachia njia kabla halijalazimika kuiomba. Gari hilo laweza kuwa la zimamoto, la polisi au la wagonjwa, ila katika vijiji vya Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, karibu kila mara ni la wagonjwa. Na mara nyingi hata gari lenyewe halipo. Kuna pikipiki iliyobeba watu watatu: dereva mbele, mgonjwa katikati akiwa amefungwa kwa kitenge ili asianguke, na ndugu nyuma anayeinua chupa ya dripu juu ya vichwa vyao. Au kuna kipoyi, machela ya miti miwili na blanketi, mabegani mwa wanaume wanne. Kipoyi kilikuwapo kabla ya king'ora na bado kipo, kwa hiyo maelezo haya yanaanzia hapo.

Bisie ni mlima wenye kasiteriti, mawe yanayotoa bati, ndani ya msitu wa Walikale. Wachimbaji wa mikono walianza kumiminika huko karibu na mwaka 2002, na baada ya muda mfupi sehemu kubwa ya kasiteriti yote ya Kivu Kaskazini ikawa inatoka kwenye mlima huo mmoja. Barabara haikuwapo. Watu waliingia msituni kutoka Njingala, kijiji kilicho kando ya barabara ya Walikale kwenda Lubutu na Kisangani, wakatembea kwa miguu, na mwenye mzigo alifika siku ya pili. Kila kitu kilipita hapo kwa kichwa au kwa mgongo. Mchele, bia, betri na nyundo viliingia. Magunia ya kasiteriti ya kilo 50 yalitoka. Mwandishi wa maelezo haya aliipita njia hiyo mara kadhaa katika miaka hiyo akiwa mchuuzi wa sabuni na chumvi, na mengi anayoyajua kuhusu kupisha aliyaona humo, miaka mingi kabla hajashika usukani.

Njia ilikuwa na upana wa mtu mmoja. Walikale ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za mkoa, nayo karibu yote ni msitu wa mvua. Udongo wake haupati nafasi ya kukauka. Watu walifuatana kwa mstari, wengine wakiingia na wengine wakitoka, kila mmoja akitazama visigino vya aliye mbele. Shimo lilipoporomoka, mwanamke aliposhindwa kujifungua, malaria ilipompanda mtu kichwani, mgonjwa alitolewa kwa njia hiyo hiyo. Wanne walishika miti ya kipoyi, wengine wanne au wanane wakafuata nyuma wakingoja zamu ya kuwapokea. Mbele kabisa, hatua mia mbili au tatu, alitangulia kijana asiye na mzigo. Kazi yake ilikuwa sauti tu: "Mgonjwa! Mgonjwa anapita!" Aliyemsikia aliirudia kauli hiyo kwa mgongo wa aliye mbele yake, naye akaipeleka kwa mwingine, hadi neno likawa limewatangulia wabebaji mbali sana. Kipoyi kilipofika kilikuta njia tupu.

Madereva wengi wa leo hawalijui hilo. Akisikia king'ora, dereva hujitoa njiani na kudhani wajibu wake umekwisha, kumbe anayeziba njia ni lori lililo mbele yake, ambalo dereva wake amefungulia muziki na hana habari. Neno lapaswa kupelekwa mbele: kwa kuwasha na kuzima taa, kwa honi fupi fupi, kwa mkono unaotolewa dirishani na kupunga upande wa kulia. Kijana wa mbele ya kipoyi hakuwa na sauti ya kufika kilomita nzima. Alisaidiwa na koo za watu wasiomjua.

Jambo lingine lilihusu mahali pa kusimama. Mwenye gunia la kilo 50 hawezi kulitua popote, kwa sababu akilitua chini hawezi kujitwika bila watu wawili wa kumtwika. Wapagazi wa Bisie walizijua sehemu za kupumzikia kama mtu ajuavyo vyumba vya nyumba yake: gogo lililoanguka likawa kwenye kimo cha kifua, jiwe lenye bega, mzizi ulioinuka ambao gunia laweza kuegemezwa bila kutuliwa. Mwito ukiwakuta kati ya gogo na gogo, waliokomaa hawakusimama. Waliongeza mwendo hadi gogo la mbele, au walirudi hatua chache kwenye lile walilolipita, wakaegemea, wakavuta miguu ndani. Wageni ndio walioruka pembeni pale pale sauti ilipowakuta. Walizama hadi magotini, gunia likawalalia, na nusu ya mzigo ikabaki ndani ya njia. Kipoyi kikasimama, wabebaji wakaanza kutukana.

Penye vijito palikuwa na daraja la gogo moja au mawili. Aliyekuwa tayari juu ya gogo alimaliza kuvuka hata kama kipoyi kilikuwa kimefika ng'ambo ya pili; kumrudisha kinyumenyume kungemchukua muda mrefu zaidi na pengine kungemtumbukiza. Ila aliyekuwa bado kwenye ukingo hakukanyaga gogo tena. Ndivyo ilivyo hadi sasa kwa magari kwenye madaraja ya mbao ya njia moja: aliyeingia avuke upesi na atafute pa kukaa upande wa pili, ambaye hajaingia asiingie.

Kulikuwa pia na ngazi ya kupishana ambayo hakuna aliyeiandika. Mikono mitupu ilimpisha mwenye mzigo, na mwenye mzigo alimpisha mgonjwa. Maiti, ambaye naye alitolewa kwa kipoyi, alimpisha mgonjwa vilevile. Mwandishi alishuhudia hilo mara moja tu: wafiwa walimtua ndugu yao kando ya njia, juu ya majani, bila kuombwa na mtu, wakasimama wakiwatazama wageni wakimpitisha mtu aliye hai.

Njia hiyo isisifiwe kupita kiasi. Walikuwapo wapagazi waliopiga kelele za mgonjwa huku wamebeba kasiteriti, ili wawahi mnunuzi kabla bei haijashuka. Mara mbili tatu walifanikiwa. Kisha watu wakaanza kugeuka kutazama kabla ya kusogea, na kila kipoyi cha kweli kikapoteza muda kwa deni la waongo hao. Walikuwapo pia wenye bunduki kwenye vizuizi vya njiani, waliotoza kila anayeingia na anayetoka, na kwao mgonjwa alikuwa mtu mwingine wa kuhesabiwa. Mambo hayo mawili, uongo wa dharura na kizuizi kisichofunguka, yatarudi baadaye kidogo, maana barabara kubwa imeyarithi yote.

Kasiteriti iliyofika Njingala ilipakiwa kwenye malori hadi Kilambo, ambako kipande cha lami cha barabara kuu kilitumiwa kama uwanja wa ndege. Ndege ndogo za mizigo zilitua juu ya barabara, zikajazwa magunia, zikaruka kurudi Goma. Kila ndege ilipotua au kuruka, magari, pikipiki, mbuzi na watoto waliondolewa na barabara ikafungwa pande zote mbili. Ni nadra kuona barabara ya Kongo ikitii namna ile. Hakuna dereva aliyengoja aone magurudumu ya ndege ndipo atafute pa kuegesha. Alikuwa amekwisha kusimama, maana kila mtu alielewa kwamba ndege inayotua haiwezi kukwepa wala kufunga breki ghafla. Ambulansi iko karibu na hali hiyo kuliko inavyodhaniwa. Yaweza kusimama, ndiyo, lakini kila breki humrusha mgonjwa aliyelazwa, huchomoa sindano ya dripu, humwangusha muuguzi aliyeinama akizuia damu. Na kuanza upya kwa gia ya kwanza kwenye matope hula dakika. Barabara hiyo ilijua kuipisha kasiteriti vizuri kuliko ilivyojua kumpisha mtu.

Kisheria jambo lenyewe halina utata. Usafiri wa barabarani nchini Kongo unaongozwa na Sheria Na. 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na kiini cha kanuni ya magari ya dharura ni kile kinachopatikana katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani: gari lenye kipaumbele likijitangaza kwa taa na sauti yake maalumu, kila mtumiaji wa barabara aliachie nafasi ya kupita, na ikibidi asimame. Neno "kila" linajumuisha mwenye lori, mwenye pikipiki, mwenye baiskeli, mchungaji na mtembea kwa miguu. Linajumuisha pia gari linalokuja kutoka mbele, ambalo mara nyingi hujiona halihusiki. Ambulansi inayolipita lori hulazimika kuingia upande wa kushoto, yaani upande wa yule anayekuja. Naye asipopunguza mwendo na kujibana ukingoni, lori lililopisha limepisha bure.

Thamani ya dakika hizo ilielezwa vizuri mwaka 1994 na watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipochunguza kwa nini wanawake hufa wakati wa uzazi. Waligawa ucheleweshaji katika ngazi tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ngazi ya pili ndiyo ya barabara. Masisi na Walikale mama mwenye uchungu huwa amekwisha kupoteza saa nyingi za ngazi ya kwanza, kwa sababu ya fedha, vita au usiku. Anayemziba barabarani anaongeza juu ya deni ambalo halionekani kutoka kwenye usukani.

Dereva wa Kongo hujitoa kulia, kwa kuwa magari hupita kulia, kama Rwanda na Burundi. Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto, na madereva wa malori wanaovuka mpaka Bunagana au Kasindi hulazimika kubadili mazoea ya mikono yao ndani ya mita chache. King'ora kikiwashtua, mkono huweza kurudi kwenye zoea la nyumbani. Kuna tatizo jingine ambalo halizungumzwi sana. Magari mengi ya mashariki mwa Kongo yana usukani upande wa kulia, kwa kuwa yalitengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto. Dereva wake hukaa juu ya mfereji. Faida yake ni kwamba anauona ukingo wa barabara vizuri na anaweza kuipima ardhi kabla ya kuikanyaga. Hasara ni kwamba anachokijua kuhusu upande wake wa kushoto, ambako ambulansi itapitia, kinatoka kwenye kioo tu, na kioo chenyewe huenda kimepakwa matope. Hapo utingo, au konvayeri kama aitwavyo Kongo, anakuwa macho ya pili: atoe kichwa dirishani, aangalie nyuma, aseme.

Kusikia nako kuna mambo yake. Injini ya lori la Fuso lililopakia linalopanda mlima kwa gia ndogo humeza sauti zote, na mabonde ya Masisi hurudisha mwangwi kiasi kwamba king'ora kilicho nyuma huonekana kama kiko mbele. Wanaosikia kwanza ni abiria walioketi juu ya mizigo. Desturi yao ya kugonga paa la kabini kwa ngumi ni kifaa cha usalama kizuri kuliko vingi vinavyouzwa madukani, mradi dereva awe amekubaliana nao kabla ya safari kugonga kupi kuna maana gani. La sivyo atadhani mtu anataka kushuka.

Kuhusu mahali pa kusimama, mwandishi anakumbuka safari moja ya msimu wa mvua kati ya Sake na Masisi. Alikuwa juu ya mizigo ya Fuso pamoja na watu kumi na kitu, magunia ya mihogo na mbuzi wawili. Ambulansi ilitokea nyuma imewasha taa. Dereva alikuwa mtu mwema; hata hakufikiri mara mbili. Alilipeleka lori kulia pale pale, kwenye majani mabichi yaliyoonekana kama ardhi. Yalikuwa majani yaliyoota ndani ya mfereji. Magurudumu ya kulia yalizama hadi ekseli, bodi ikaegemea mlima, na mkia wa lori ukabaki umekingama barabarani. Pale palipokuwa na nafasi finyu sasa hapakuwa na nafasi kabisa. Mbele kidogo, baada ya kona, palikuwa na kiwanja kigumu ambacho wanawake hukitumia kwa soko. Malori mawili yangepishana hapo bila kugusana, na dereva alikijua vizuri, kwa maana alikuwa akisimama hapo kununua ndizi kila safari.

Abiria wote walishuka. Majembe yalitafutwa kwenye nyumba za jirani, mawe yakabebwa, watu wakachimba. Ndani ya ambulansi alikuwamo mama mwenye uchungu, na sauti yake ilisikika kila injini ilipozimwa. Baada ya nusu saa hivi ilionekana kwamba lori halitatoka mapema, basi wanaume sita wakamtoa pamoja na godoro lake, wakampitisha mabegani kwenye upenyo uliobaki kati ya mkia wa lori na bonde, na gari lililokuwa limekwama upande wa pili likageuza na kumchukua kuelekea Masisi. Kipoyi kilikuwa kimerudi kazini. Waliobaki na majembe hawakupata kujua alifikaje.

Hesabu ya jambo hilo ni fupi. Lori linalokwenda kilomita 20 kwa saa hufika mita 300 mbele kwa chini ya dakika moja. Dakika hiyo dereva wa ambulansi anaweza kuivumilia, mradi ajue kwamba amesikika. Kwa hiyo lori lionyeshe taa ya kulia mara moja, mkono utolewe dirishani, mwendo uendelee bila kuyumba, na kusimama kufanyike kwenye ardhi ambayo dereva anaijua: kiwanja cha soko, njia ya kuingia parokiani, sehemu iliyomwagwa kokoto, bega la barabara ambalo magari mengine yameacha alama kavu. Anayepita barabara hiyo kila wiki hana sababu ya kutozijua. Kuruka pembeni papo hapo ni ushauri wa barabara za lami zenye bega la saruji, na umeandikwa na watu wa huko.

Pasipofaa kusimama ni pengi. Kwenye kona, ambulansi italazimika kulipita lori bila kuona kinachokuja. Chini kidogo ya kilele cha mwinuko, vivyo hivyo. Kwenye mteremko mkali na utelezi, lori lililopakia likifunga breki kwa nguvu huendelea kushuka hata hivyo, ila sasa linashuka ubavu. Kanuni ya kimataifa ya barabara za milimani ni kwamba magari mawili yasipoweza kupishana, anayeshuka ndiye ajibanze ili anayepanda apite, isipokuwa pale ambapo kuna viupenyo vya kuegesha vinavyomwezesha anayepanda kusimama kwa urahisi zaidi. Sababu yake kila dereva wa Masisi anaijua miguuni mwake: anayepanda akisimamishwa kwenye matope huenda asiondoke tena. Kwa hiyo ambulansi inayoshuka ikikutana na lori linalopanda katikati ya utelezi, busara ni kuliacha lori lifike juu. King'ora hakibadilishi msuguano wa tope.

Mjini mambo ni mengine. Goma, kwenye mzunguko wa Chukudu au mingineyo yenye msongamano, kosa kubwa ni kuingia makutanoni kwa kuwa tu mwenye pikipiki wa mbele ameingia. Gari lililokwama katikati ya mzunguko haliwezi kumpisha mtu. Dereva aliyesikia king'ora abaki nje ya makutano hata kama zamu ni yake. Ujerumani, kwenye barabara kuu zenye njia zaidi ya moja kwa upande, msongamano ukianza tu magari ya njia ya kushoto kabisa husogea kushoto na mengine yote kulia, hata kabla king'ora hakijasikika, na katikati hubaki uchochoro wa gari la dharura. Anayekaidi hutozwa faini nzito. Goma haina barabara nyingi za kufanyia hivyo, na pikipiki zingeujaza uchochoro huo kabla haujakamilika. Wazo la kufungua nafasi mapema, hata hivyo, ni lile lile la kijana wa mbele ya kipoyi.

Watumiaji wengine wa barabara wana mipaka yao, na dereva aijue. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ikishuka na magunia ya viazi au makaa haina breki ya maana zaidi ya kisigino cha mwenyewe. Kuipigia honi kwa ukali ni kumwongezea hofu mtu ambaye hawezi kusimama. Apewe upana na muda. Ng'ombe wa malisho ya Masisi hawatawanyiki kwa king'ora, hugeuka kukitazama. Mchungaji akisikia mapema huwasukuma wote upande mmoja. Dereva wa ambulansi azime sauti anapowakaribia, aache taa, apite polepole. Na yale matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani, ambayo tangu zamani humaanisha kuna gari bovu mbele, ndiyo mahali ambapo anayekuja nyuma apime mapema nani atapita kwanza, kwa maana hapo barabara imebaki nusu.

Kuhusu pikipiki yenye mgonjwa katikati, sheria haiipi king'ora, wala kanuni haiitaji. Watu wa barabarani wanaitambua kwa macho: kitenge kilichofungwa kwa kukazwa, kichwa kilicholala begani, chupa ya dripu iliyoinuliwa. Madereva wa magari makubwa wa huko, ambao hulaumiwa kwa mengi, huipisha kwa hiari mara nyingi kuliko wanavyosifiwa.

Kizuizi cha barabarani ni sehemu ya mada hii, ingawa wanaokisimamia hawajioni kama watumiaji wa barabara. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inawalinda majeruhi na wagonjwa pamoja na vyombo vinavyowabeba, bila kujali walikuwa upande gani. Kamba ya kizuizi ikifunguliwa kabla gari halijafika, ambulansi hupita bila kubadili gia. Ikingoja maelezo, hata ya dakika tano, yale yote yaliyofanywa na madereva kilomita thelathini za nyuma yamefutwa na mtu mmoja aliyeketi kwenye benchi. Dereva wa ambulansi naye hupunguza mwendo, hushusha kioo, huwasha taa ya ndani usiku ili waone kilichomo. Ni desturi ya uhai wake mwenyewe.

Halafu kuna deni la waongo. King'ora kina nguvu kadiri kinavyoaminiwa, na katika miji ya mashariki kimetumiwa mno na misafara ya wakubwa wanaokwenda mkutanoni au chakulani. Kikilia, watu hugeuka kwanza kuangalia ni cha nani, kama wapagazi wa Bisie walivyojifunza kugeuka. Dereva wa ambulansi anayekiwasha akirudi bila mgonjwa ili awahi nyumbani anakopa kutoka kwenye akiba hiyo hiyo. Si kwamba Mkongo hajui kusimama. Asubuhi bendera inapopandishwa mbele ya ofisi za serikali na kambi, na jioni inaposhushwa, filimbi hulia na wapita njia husimama palepale, magari nayo, hadi bendera ifike mwisho wake. Hakuna king'ora wala taa. Kuna filimbi moja ambayo kila mtu anaijua na ambayo saa hizo haina maana nyingine.

Njia ya miguu ya Bisie haina tena kazi iliyokuwa nayo. Kampuni ya Alphamin ilipojenga mgodi wake wa Mpama, ulioanza kuzalisha mwaka 2019, barabara ilikatwa msituni na malori yakafika mahali ambapo zamani hata baiskeli haikufika. Upana umeongezeka na mwendo umeongezeka zaidi. Lori la madini haliwezi kuegemezwa kwenye gogo. Machi 2025, waasi wa M23 waliposonga kuelekea Walikale na hatimaye kuuteka mji huo kwa majuma mawili hivi, kampuni ilisimamisha kazi na wafanyakazi wakaondolewa, hadi waliporejea Aprili. Katika siku kama hizo barabara huwa na mkondo mmoja wa wanaokimbia, na gari la wagonjwa aghalabu hupita kinyume chake. Aliye kwenye mkondo huo ajibane kulia, mizigo iliyoning'inia ubavuni ivutwe ndani, na watoto washikwe mkono upande wa mlima.

Gari la dharura likishapita, kazi ya kupisha bado ina hatua moja. Mara nyingi magari huwa mawili: la pili hubeba ndugu, muuguzi au majeruhi mwingine, na huwa nyuma kidogo kwa sababu ya vumbi la gari la kwanza. Dereva ahesabu hadi thelathini, aangalie kioo, amuulize utingo. Asilifuate kwa nyuma ili afaidi njia iliyofunguliwa, kwa maana waliosogea wanaanza kurudi barabarani na hawamtarajii. Kisha awashe taa ya kushoto, atoe lori polepole hadi magurudumu yote yawe kwenye ardhi ngumu, na abiria walioshuka kunyoosha miguu wapande tena.